Kuandikiwa barua si kupewa sababu kwa maandishi

Mtu akilalamika kwamba ofisi ya umma imemnyima leseni, imemfungia duka au imemwondoa kwenye orodha fulani, jibu analopewa mara nyingi ni hili: "Lakini si uliandikiwa barua?" Nimelisikia kwenye kaunta za ofisi na kwenye vipindi vya redio. Juzi nimelisikia kutoka kwa mtu aliyesomea sheria, na hapo nikaona ni heri niandike. Anayelitoa huamini kwamba karatasi yenye muhuri ikishamfikia mhusika, sharti la maandishi limetimizwa. Mara nyingi huwa halijatimizwa hata kidogo.

Maana yake kwa ufupi. Sheria ya utawala ndiyo inayosimamia jinsi maafisa na vyombo vya umma wanavyotumia mamlaka yao juu ya watu. Ndani yake, sharti la maandishi ni takwa kwamba hatua fulani za shauri zisiishie mdomoni: ziandikwe, ili mtu mwingine aweze kuzisoma baadaye na kuzipima. Kwa Kenya, msingi wake mkuu ni Kifungu cha 47(2) cha Katiba ya 2010. Mtu ambaye haki yake au uhuru wake wa kimsingi umeathiriwa vibaya na hatua ya kiutawala, au huenda ukaathiriwa, ana haki ya kupewa sababu za hatua hiyo kwa maandishi. Sheria Na. 4 ya 2015, ile ya hatua za haki za kiutawala, ikaja kufafanua.

Kinachotakiwa kuandikwa hapo ni sababu. Barua inayosema "ombi lako limekataliwa" ni maandishi, hakuna anayebisha. Ni uamuzi ulioandikwa, na uamuzi mhusika alikuwa ameshaujua tangu alipokuta kufuli mlangoni. Asichokijua ni kwa nini, na hicho ndicho Katiba ilichoamuru kiandikwe.

Kuna hata barua zinazojaribu kutoa sababu na bado hazifiki. "Hukutimiza masharti" si sababu, ni tamko la mwisho la mtu ambaye tayari ameshafikiri na hataki kuonyesha alivyofikiri. Sharti lipi? Lilivunjwa vipi? Afisa alitegemea ripoti gani, ya tarehe gani? Mtu alipojitetea, utetezi wake ulionekana na upungufu gani? Sababu inayostahili jina hilo humwezesha aliyeathiriwa kuamua jambo moja la maana sana: akate rufani, au arekebishe kosa lake na kuomba upya. Barua ambayo haimsaidii kuamua hivyo imemtaarifu tu.

Kwenye zabuni za serikali tofauti hii huonekana wazi kabisa. Kifungu cha 87 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kinataka walioshindwa waarifiwe kwa maandishi, waambiwe aliyeshinda, na waelezwe sababu. Kifungu cha 167 kinampa asiyeridhika siku 14 tu za kupeleka ombi lake kwenye bodi ya mapitio. Sasa mfikirie mkandarasi mdogo aliyepokea mistari miwili, "tunasikitika kukuarifu kwamba zabuni yako haikufanikiwa". Siku zimeanza kuhesabika na hana cha kupinga. Hajui kama alikosa cheti, kama bei yake ilikuwa juu, au kama mtu alimpunja alama. Akikimbilia kwenye bodi atakuwa anabahatisha, na akingoja apate maelezo muda utamwishia. Kumwambia mtu huyo kwamba "aliandikiwa" ni kumkosea mara ya pili.

Inafaa kujua sharti hili lilikotoka, maana historia yake ndiyo inayoeleza kwa nini neno "sababu" limewekwa pale. Sheria tuliyorithi kwa Waingereza haikuwa nalo. Sura ya 8 ya sheria zetu, inayohusu mamlaka ya mahakama, bado inazielekeza mahakama kwenye sheria ya mapokeo ya Uingereza, yaani ile iliyojengwa na hukumu za majaji, kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na katika mapokeo hayo hakukuwa na wajibu wa jumla wa afisa kueleza sababu za uamuzi wake. Huko huko Uingereza mambo yalianza kulegea baada ya kamati iliyoongozwa na Sir Oliver Franks kutoa ripoti yake mwaka 1957. Sheria ya mabaraza na uchunguzi ya mwaka uliofuata ikavitaka vyombo ilivyovitaja vitoe maelezo ya sababu pale vinapoombwa, lakini ikaruhusu maelezo hayo yawe ya maandishi au ya mdomo. Hapo sababu zilikuwa lazima, maandishi hayakuwa.

Mwaka 1968 ikaja kesi ya Padfield. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa kusini-mashariki mwa Uingereza walimtaka Waziri wa Kilimo apeleke malalamiko yao ya bei kwa kamati ya uchunguzi, naye akakataa. Upande wake ulidai kwamba waziri hakulazimika kutoa sababu yoyote, na kwamba kama angenyamaza kabisa asingeweza kuhojiwa. Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa nchini humo, lilikataa. Waziri akinyamaza, walisema, mahakama inaweza, hali ikiruhusu, kuhitimisha kwamba hakuwa na sababu nzuri. Hoja hii nitairudia, maana imo ndani ya sheria yetu.

Hatua kubwa ilipigwa Afrika Kusini. Nchi iliyokuwa inatoka kwenye utawala wa ubaguzi wa rangi iliandika ndani ya katiba yake ya mpito ya 1993, kisha ndani ya Kifungu cha 33 cha Katiba ya 1996, kwamba aliyeathiriwa na hatua ya kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria yao ya mwaka 2000 ikaweka muda wa siku 90 za kuomba na siku 90 za kujibu. Ukiweka Kifungu chao cha 33 kando ya Kifungu chetu cha 47, huhitaji kuambiwa kwamba ni ndugu.

Wakenya nao walikuwa na sababu zao za kulitaka sharti hili. Kwa miongo mingi nchi hii iliendeshwa kwa "amri kutoka juu". Chifu alimwambia mtu ahame, mkuu wa wilaya akavunja mkutano, karani akarudisha fomu, na kila aliyeulizwa alielekeza kidole juu yake. Amri ya namna hiyo haina mwandishi. Huwezi kuikatia rufani kwa sababu hujui ni ya nani, wala imetegemea nini. Mwaka 2015, katika kesi iliyohusu Tume ya Huduma ya Mahakama na Jaji Mbalu Mutava, Mahakama ya Rufani ilikieleza Kifungu cha 47 kuwa mageuzi makubwa katika haki ya kiutawala, kwamba sasa udhibiti wa mamlaka za umma una msingi ndani ya Katiba yenyewe. Mageuzi hayo hayaonekani pale afisa anapoichukua ile amri ya mdomo, akaipiga chapa ilivyo na kuigonga muhuri.

Nakubali kwamba sharti hili hutiliwa chumvi pia na wananchi. Wapo wanaosema uamuzi usio na sababu za maandishi ni batili papo hapo. Sheria Na. 4 ya 2015 haisemi hivyo. Kifungu cha 6 kinampa afisa miezi mitatu, tangu apokee ombi, ya kutoa sababu kwa maandishi. Asipotoa, mahakama inayopitia uamuzi wake itachukulia kwamba ulifanywa bila sababu nzuri, hadi ithibitishwe vinginevyo. Ndiyo ile hoja ya Padfield, ila sasa imekuwa na nguvu zaidi: kule mahakama ingeweza kuhitimisha, hapa sheria inaiagiza ianze na dhana hiyo. Bado ofisi inaweza kuleta ushahidi wa kuipangua. Kifungu hicho hicho kinamruhusu afisa kutotoa sababu za kutosha pale ambapo ni jambo la busara na linaloweza kutetewa, mradi amwarifu aliyeomba. Na miezi mitatu ni mingi. Mwenye zabuni wa siku 14 asiitegemee.

Wengine wanang'ang'ania karatasi, kana kwamba maandishi ni wino na muhuri peke yake. Sura ya 2 ya sheria zetu, inayotafsiri maneno yanayotumika kwenye sheria nyingine, inahesabu kuwa maandishi njia yoyote ya kuyaweka maneno yaonekane kwa macho. Sheria ya Habari na Mawasiliano nayo inaikubali rekodi ya kielektroniki palipotakiwa maandishi, ilimradi inaweza kufikiwa na kutumika tena baadaye. Kwa hiyo barua pepe yenye aya tatu za maelezo inaweza kutimiza sharti, na waraka wenye nembo ya taifa na sahihi tatu ukashindwa.

Limebaki jambo linaloniuma zaidi, nalo ni mzigo wa kuandika kumwangukia asiyestahili kuubeba. Mzee anafika ofisini na lalamiko lake, anaambiwa, "Nenda kaandike barua, sisi tunafanya kazi kwa maandishi." Hajui kuandika, anaondoka, na mambo yanaishia hapo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaonyesha jinsi Bunge lilivyolifikiria jambo hili. Ombi la habari huandikwa, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, lakini asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anatakiwa kusaidiwa na afisa. Afisa ndiye anayeliandika ombi hilo, kisha anampa mwombaji nakala yake. Kalamu iko mkononi mwa anayelipwa kuishika. Sheria hiyo inahusu habari tu, haihusu kila lalamiko, ila sioni hoja ya haki inayoweza kumfanya mzee yule atendewe vingine kwenye dirisha la pili la ofisi ile ile.

Majirani zetu hawakuliandika sharti hili kama sisi. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inatoa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani, bila kutaja maandishi. Ibara ya 42 ya Katiba ya Uganda inampa mtu haki ya kutendewa kwa haki na kwenda mahakamani kupinga uamuzi wa kiutawala, nayo haitaji maandishi. Ni vigumu kuona mtu atakavyokata rufani dhidi ya jambo asiloelezwa, kwa hiyo hata huko hoja ya kudai sababu ipo. Lakini asiidai kwa kunukuu Kifungu cha 47, kama nilivyokwisha kuona watu wakifanya, maana hicho ni cha Kenya.

Kwa hiyo ukiwa Kenya, na ofisi ikakuambia kwamba ilishakuandikia, usibishane kuhusu barua. Kubali kwamba umeipata. Kisha omba kilichokosekana, tena uombe kwa maneno ya sheria: sababu za uamuzi wa tarehe fulani, pamoja na nyaraka zilizotegemewa, kwa maandishi, chini ya Kifungu cha 6 cha Sheria Na. 4 ya 2015. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu ile miezi mitatu huhesabiwa kuanzia siku ombi lilipopokelewa.