Usimvue Mzee Blanketi Lake: Miti Mikongwe ya Rwenzori

Karibu na vibanda vya kulala kule juu Rwenzori, safu ya milima mpakani mwa Uganda na Kongo, mara kwa mara tunakuta shina la dendrosenesio, mti mnene wenye kichwa cha majani makubwa, limeachwa uchi kuanzia kiunoni kwenda chini, jeusi, na majani yake makavu yamezagaa njiani. Aliyeyanyofoa huenda alitafuta pakavu pa kukalia, au alidhani anausafisha mti. Naomba tuelewane kuhusu majani hayo, maana ndiyo uhai wake.

Dendrosenesio huota kwenye vinamasi na miteremko ya juu, hasa kati ya mita 3,500 na 4,300, ambako mchana jua huunguza ngozi na usiku maji huganda. Majani yake yakifa hayaanguki. Hulala juu ya shina tabaka kwa tabaka, yakalifunika kama blanketi. Yatazame alfajiri: nje yamepakwa sakitu nyeupe, ndani makavu kabisa. Shina lenyewe lina moyo laini unaotunza maji. Jua likichomoza, majani mabichi huanza kupoteza maji ilhali ardhi bado imeganda, na mti hunywa kutoka ghala hilo la ndani. Ukilivua shina, maji yake huganda, na mwishowe kichwa cha majani hunyauka. Majaribio yaliyofanywa kwa mimea ya milimani ya aina hii yalionyesha hivyo waziwazi.

Na mti ukifa, hauoti mwingine wa kuziba pengo katika maisha yako. Hurefuka sentimita chache tu kwa mwaka. Hauna pete za kuhesabu umri. Tunasoma panda zake, yaani mahali matawi yanapogawanyika. Ncha ikishatoa maua hufa, matawi mapya huchipuka pembeni, kisha hupita miaka mingi kabla ya maua mengine. Kwa ndugu zake wa Mlima Kenya, wataalamu wamekadiria umri unaozidi miaka 200. Mzee mwenye panda nyingi unayempita leo huenda alikuwapo mwaka 1906, msafara wa Duki wa Abruzzi, mwana wa mfalme wa Kiitalia, ulipopanda hadi Margherita, kilele kirefu kuliko vyote vya Rwenzori.

Moto ndio unaonitia hofu zaidi. Majani yale makavu, pamoja na ndevu za likeni zinazoning'inia kwenye miti ya erika, hushika moto upesi kiangazi kikikaza. Mwaka 2012 moto uliteketeza sehemu ya juu ya mlima, mahali tulipozoea kupaona pamelowa mwaka mzima. Pikeni kwa jiko la gesi. Msiwashe moto wa kuota, hata wapagazi wakitetemeka kwa baridi. Wapeni nguo nzito kabla hamjaondoka Kasese, mji ulio chini ya mlima.

Penye njia ya mbao, kama kwenye vinamasi vya Bigo, tembea juu ya mbao hata kama zinateleza. Miche midogo kama kiganja hujificha katikati ya vichuguu vya nyasi, na buti moja huikanyaga mingi. Msikilize kiongozi wako. Wengi wao ni Wakonzo, wenyeji wa mlima huu, na kwao theluji ya vilele ni makao ya mungu wao Kitasamba; akikuambia mahali fulani hapapigiwi kelele, nyamaza.

Miezi mizuri ya kwenda ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti. Ukilala juu, amka mapema. Usiku majani mabichi hujikunja kulilinda tumba la katikati, na kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, jua likiyagusa, utayaona yakifunguka.