Mifereji ya Mwezini haikuchimbwa na maji

Tangu enzi za darubini za kwanza, mabaka meusi ya Mwezi yameitwa bahari, na mifereji yake inayopindapinda ikadhaniwa kuwa mito iliyokauka. Si kweli. Mabaka hayo ni bazalti, yaani lava iliyoganda.

Tazama Mfereji wa Hadley: upana wa karibu kilomita 1.5, kina cha takriban mita 300, urefu unaozidi kilomita 100. Mwaka 1971, wanaanga David Scott na James Irwin wa safari ya Apollo 15 walifika ukingoni mwake, wakaona matabaka ya lava kwenye ukuta wa ng'ambo. Bazalti waliyorudi nayo ina umri wa miaka bilioni 3.3 hivi, na madini yake hayana dalili ya kulowa maji.

Umbo lenyewe ni ushahidi mzuri zaidi. Mto hupokea vijito na kupanuka kadiri unavyoshuka. Mifereji hii mara nyingi huanzia kwenye shimo la volkano, haina vijito, na mingi hupungua upana na kina kuelekea mwisho, kwa kuwa lava hupoa njiani. Lava hiyo, yenye chuma kingi, ilitiririka kwa urahisi mno, ikayeyusha na kukwangua mwamba ulio chini yake.