Breki za uwanjani kwenye gari la mtaani: yanayosemwa gereji za Mwanga na ukweli wake

Kigoma hakuna uwanja wa mbio za magari, ila wateja wa breki za uwanjani hawakosekani. Pita gereji yoyote ya Mwanga, mtaa wa hapa mjini, utamkuta kijana mwenye Altezza au Subaru aliyeshiba video za Kyalami kule Afrika Kusini, au za Nürburgring ya Ujerumani, ambako mtu wa kawaida analipa kiingilio, anaingia na gari lake la kwendea kazini na kukimbia. Naye anataka breki "za namna ile". Shida ni kwamba mengi anayoambiwa kabla ya kutoa hela si kweli.

"Breki kubwa zinasimamisha gari kwa umbali mfupi."

Hii ndiyo inayokula hela za watu kuliko zote. Gari linasimamishwa na tairi. Breki inabana gurudumu tu, na tairi ndiyo inayoshikana na lami. Tafuta barabara kavu isiyo na watu, ukiwa kilomita 60 kwa saa kanyaga breki yote. Ukisikia pedeli inakupigapiga mguuni, hiyo ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande, inafanya kazi, maana yake breki ulizonazo tayari zina nguvu kuliko tairi zako. Funga hapo kalipa (kile kibanio kinachosukuma pedi kwenye diski) ya pistoni sita, gari litasimama palepale liliposimama mwanzo. Toa zile tairi za mtumba zilizokauka, weka mpya nzuri, tofauti utaiona siku hiyohiyo.

Basi wanaokimbia wanafunga breki kubwa za nini? Za joto. Gari likiwa 120 lina nishati mara nne ya likiwa 60, na ukikanyaga breki karibu yote inageuka joto kwenye diski na pedi. Mtaani unasimama mara moja, diski inapoa. Uwanjani unashuka kutoka 160 hadi 70, unakanyaga mafuta, unashuka tena, dakika ishirini bila kupumzika. Diski nene, pana, yenye njia za hewa katikati, inabeba joto jingi zaidi kabla ya kuzidiwa. Faida yake ni kwamba breki ya mzunguko wa kumi inabaki kama ya mzunguko wa kwanza.

Na hapa kwetu anayelijua jambo hili vizuri si kijana wa Subaru. Ni dereva anayeshuka kutoka Manyovu, wilayani Buhigwe, na abiria wamejaa, magunia ya maharage nyuma. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, vilima vya Buhigwe viko juu zaidi kwa mamia ya mita, na nishati ya tofauti yote hiyo lazima iishie mahali. Asiyeshusha gia anaimalizia kwenye pedi. Ile harufu kali ya kuungua unayoisikia ukiwa siti ya mbele ndiyo hiyo.

"Mafuta ya breki ni mafuta ya breki tu."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pa bei rahisi na ndipo wengi wanapopuuza. Maandishi DOT kwenye kopo yanaonyesha daraja la mafuta. Kwa viwango vya Marekani, DOT 3 mpya isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, DOT 4 chini ya 230, DOT 5.1 chini ya 260. Lakini mafuta haya yananyonya unyevu wa hewa. Yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango kinashuka: DOT 3 inaruhusiwa kuchemka kuanzia 140, DOT 4 kuanzia 155, DOT 5.1 kuanzia 180. Kwa hiyo DOT 4 iliyokaa miaka mingi kwenye gari inaweza kuwa dhaifu kuliko DOT 3 ya leo.

Mafuta yakichemka ndani ya kalipa yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedeli inazama mpaka chini, gari linaendelea na safari. Tofautisha na pedi zilizozidiwa joto: hapo pedeli inabaki ngumu, unasukuma kwa mguu wote, lakini gari halishikiki. Dalili mbili, magonjwa mawili. Fundi asiyekuuliza pedeli ilikuwaje anabahatisha.

Fungua nipeli ya kutolea upepo, chukua mafuta kidogo kwenye chupa safi uyatazame. Yakiwa na rangi ya chai, mwaga yote, weka mapya, toa upepo kwenye breki za magurudumu yote manne. Kwa gari la kawaida fanya hivyo kila miaka miwili. Kwa anayekwenda uwanjani, kila kabla ya kwenda. Na lile kopo lililofunguliwa mwaka jana, limekaa rafu ya duka na kifuniko hakijakaza, usilinunue hata kwa nusu bei. DOT 5, isiyo na ".1", ni ya silikoni, usiichanganye na hizo nyingine.

"Diski za matundu ndizo za mbio."

Zinapendeza nyuma ya rimu, hilo sibishi. Lakini kila tundu ni chuma kilichopungua, na nyufa za joto hupenda kuanzia hapo. Wengi wa uwanjani wanatumia diski za kawaida au zenye mifereji.

"Pedi za mbio ni bora popote."

Pedi za mbio nyingi zinataka joto kwanza ndipo zishike. Asubuhi, unashuka kutoka Mwanga kwenda stesheni, mtoto anakatiza barabara, pedi bado ya baridi: hapo pedi ya kawaida inaishinda. Tena zinapiga kelele na zinakula diski haraka.

"Usukani unatetemeka, diski imepinda."

Mara nyingi haijapinda. Ni tabaka la pedi lililogandia diski bila usawa, au diski imelika sehemu moja kuliko nyingine. Husababishwa na pedi mpya ambazo hazikuzoeshwa diski kwanza kwa kukanyaga breki taratibu, kisha kwa nguvu zaidi kidogo kidogo, au kusimama ukiwa umekanyaga breki wakati diski ni ya moto. Ukitoka kwenye kasi, zunguka taratibu zipoe, na ukiegesha usivute hendibreki. Weka gia, au P kwa otomatiki, na jiwe nyuma ya tairi.

"Mipira ya waya wa chuma inaongeza breki."

Hiyo ni mipira ya kupitishia mafuta ya breki iliyosukwa waya wa chuma kwa nje. Inafanya pedeli iwe ngumu zaidi mguuni, basi.

"Kalipa za STI unafunga tu."

Kalipa za Brembo za Subaru STI, ile Subaru ya kasi, zilitoka kiwandani na rimu za inchi 17 kwenda juu. Za inchi 15 hazipiti juu yake. Kisha kuna usawa. Ukiweka kalipa zenye pistoni kubwa mbele peke yake na kuacha masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli) ileile, pedeli inasafiri zaidi, na breki ya mbele inabeba mzigo mwingi huku tairi za nyuma hazifanyi kazi yake. Umbali wa kusimama unaweza hata kuongezeka. Kwa hiyo anayekuuzia kalipa mbili kwenye mfuko wa salfeti muulize za nyuma ziko wapi, na masta silinda yake ni ya inchi ngapi. Halafu geuza diski zake utafute maandishi MIN TH: huo ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa. Ukipima ukakuta ziko chini ya hapo, hicho ni chuma chakavu, hata kama kalipa zimepakwa rangi nyekundu mpya.