Selimundu kwa vijana wa balehe: yanayosemwa nyumbani na yaliyo kweli

"Mtoto wa selimundu hafiki miaka ishirini."
Kauli hii ni ya enzi ambazo wengi wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, walifariki wakiwa wadogo, kwa malaria, maambukizi ya bakteria au upungufu mkubwa wa damu. Leo kuna kliniki, kinga ya malaria na dawa iitwayo haidroksiurea. Utafiti wa REACH, uliochapishwa 2019 baada ya kufuatilia watoto wa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu, hata vifo. Lakini kijana anayasikia yanayosemwa sebuleni. Akishaamini kuwa siku zake zimehesabiwa, ataona vidonge vya nini?

"Anadeka tu, jana alikuwa anacheka."
Hii ndiyo inayoumiza kuliko zote. Chembe nyekundu zikijikunja hukwama kwenye mishipa midogo, na mfupa hukosa damu. Hakuna kipimo cha maabara kinachosema maumivu ni makali kiasi gani. Muulize mwenyewe, kisha umwamini. Wengi hufika umri huu wakiwa wamezoea kuumwa huku wanachati na wenzao, kwa hiyo kicheko si ushahidi wa kitu. Baridi, kiu, homa, hata hofu ya mtihani vinaweza kuamsha maumivu. Mpe maji ya kutosha, mkinge na baridi, na aanze mapema dawa ya maumivu aliyoandikiwa. Akipata homa kali, kifua kikimbana au upande mmoja wa mwili ukilegea, mwahisheni hospitali, msisubiri kupambazuke.

"Imetoka ukoo wa mama yake."
Imetoka kwa wote wawili. Wazazi wenye vinasaba vya selimundu bila kuugua wana uwezekano wa mtoto mmoja kati ya wanne kuugua, na hesabu huanza upya kila mimba. Kikao cha ukoo cha kutafuta mchawi hakina ajenda.

"Wenzake wamevunja ungo, huyu ana kasoro."
Balehe huchelewa, pengine mwaka mmoja au miwili, kisha huja. Kukojoa kitandani nako si uvivu: figo zilizoathirika hushindwa kukoleza mkojo, hivyo hutoka mwingi. Kwa wavulana lipo jambo linalofichwa zaidi, uume kusimama kwa maumivu bila hamu yoyote. Ukizidi saa nne mfululizo ni dharura, na kuchelewa kunaweza kumwachia madhara ya kudumu. Mama na mwana hawawezi kuzungumza haya kirahisi, nakubali. Ndiyo kazi ya mjomba au babu, na wamweleze kabla halijatokea.

"Dawa zake anazijua mama."
Inafaa akiwa na miaka sita. Akiwa na kumi na minne aanze kujua jina la dawa, dozi na tarehe ya kliniki, maana siku moja atahamishiwa kliniki ya watu wazima, na hapo wengi hupotea. Msichana anayetumia haidroksiurea anatakiwa pia kujua kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Daktari hawezi kumweleza vizuri ikiwa kila swali linajibiwa na mama. Mzazi, mwombe daktari azungumze naye kidogo peke yake. Wewe subiri kwenye benchi la nje.