Kisukari na upasuaji wa kupunguza uzito: yanayosemwa na yalivyo

Kwenye foleni ya kliniki ya kisukari, mada hii ikiguswa kila mtu ana lake. Mmoja kasikia kuna waliopasuliwa tumbo na kisukari kikaisha siku hiyo hiyo. Mwingine anashikilia kuwa hayo ni mambo ya urembo ya wenye fedha. Wote wawili wanastahili jibu la maana, kwa sababu anayeuliza huwa ni mtu aliyechoka kujidunga sindano.

Dhana: Sukari inashuka kwa sababu tumbo limekuwa dogo na mtu hali.

Ni nusu ya ukweli. Siku za mwanzo kula kidogo kunasaidia sana: ini linapungukiwa mafuta, nalo linapunguza kumwaga sukari kwenye damu. Lakini madaktari walianza kushtuka walipoona sukari inashuka ndani ya siku chache, uzito ukiwa bado haujapungua kwa maana. Mwaka 1995 daktari Walter Pories na wenzake wa Greenville, North Carolina, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 608 waliowafanyia upasuaji wa aina ya "bypass", yaani wa kukipa chakula njia ya mkato kisipite sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Kati ya 146 waliokuwa na kisukari cha ukubwani, yaani aina ya pili, 121 sukari yao ilirudi kawaida na kubaki hivyo.

Fuata kijiko kimoja cha uji uone kinachotokea. Kwa kawaida uji hukaa tumboni, ukateremshwa kidogo kidogo, na sehemu kubwa ya sukari yake hufyonzwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Baada ya bypass, uji unaingia kwenye kifuko kidogo kama yai, unaruka sehemu ile ya mwanzo ya utumbo na kufika chini mapema, ukiwa haujamaliza kumeng'enywa. Huko chini kuna seli nyingi zinazotoa homoni mbili, GLP-1 na PYY. GLP-1 inaliambia kongosho: sukari inakuja, toa insulini. PYY inaupelekea ubongo habari ya shibe. Baada ya mlo, GLP-1 hupanda mara kadhaa kuliko ilivyokuwa kabla ya upasuaji. Katika upasuaji mwingine, ule wa kukata tumbo libaki kama mrija, kinachoondolewa ni upande unaotengeneza sehemu kubwa ya ghrelini, homoni ya njaa.

Hata hivyo homoni zisipewe sifa zote. Mwaka 2020 watafiti wa St. Louis, Marekani, waliwalinganisha watu 22 wenye kisukari: nusu walipungua kwa bypass, nusu kwa chakula peke yake, wote kwa takriban asilimia 18 ya uzito. Mwili ulinufaika karibu sawa pande zote mbili. Kwa maoni yangu, kazi kubwa ya homoni ni kumwezesha mtu kupungua bila kuteswa na njaa kila saa, jambo ambalo nia peke yake hulishindwa mara nyingi. Kumwita mtu huyo mvivu ni kumwonea.

Dhana: Ukishapasuliwa, kisukari kimekwisha.

Hapana, kinalala, na kinaweza kuamka. Huko Roma, Italia, wagonjwa 60 walifuatiliwa kwa miaka 10: kati ya waliopasuliwa, asilimia 37.5 walikuwa bado hawana kisukari. Wengine kiliwarudia, ingawa sukari yao ilikuwa imedhibitiwa vizuri. Anayepata nafuu ndefu zaidi mara nyingi ni yule ambaye hajaishi na ugonjwa miaka mingi na hajaanza insulini, kwa kuwa kongosho lake bado lina nguvu ya kuitikia wito wa GLP-1. Macho, figo na miguu viendelee kupimwa hata kama sukari inasoma vizuri.

Dhana: Hata mwenye kisukari aina ya kwanza ataacha insulini.

Hataacha. Kongosho lake halitengenezi insulini ya kutosha, hata utumbo ulihimize vipi. Kuacha sindano kutahatarisha maisha yake.

Dhana: Baada ya hapo hatari ni sukari kupanda tu.

Wapo ambao inashuka mno. Mtu anakunywa soda au chai yenye sukari nyingi, inafika chini ya utumbo kwa kasi, insulini inamwagika kupita kiasi. Saa moja hadi tatu baadaye anatoka jasho, anatetemeka, pengine anazimia. Hii huweza kuanza hata mwaka au zaidi baada ya upasuaji, wakati mtu ameshajiona amepona. Apime sukari pale pale dalili zinapokuja, kisha ampelekee daktari kipimo hicho.

Na utumbo ulioruka njia hufyonza kidogo chuma, kalisi na vitamini B12, kwa hiyo vidonge ni vya maisha. Kabla ya kusaini fomu, uliza vinapatikana wapi, vinagharimu kiasi gani kwa mwezi, nani atakuwa anakupima damu mwaka wa tatu na wa nne, na ni dozi ipi ya insulini itakayopunguzwa siku ile ile ya upasuaji.