Kuwasikiliza nyangumi: maana ya ufuatiliaji wa sauti chini ya bahari

Ufuatiliaji wa sauti chini ya bahari ni njia ya kuwachunguza viumbe wa majini kwa kurekodi sauti zao, bila kuwafukuza kwa boti wala kuwanasa. Mtafiti huzamisha hidrofoni, yaani maikrofoni ya majini, pamoja na kinasa sauti na betri. Chombo hukaa huko kwa miezi, usiku na mchana, hata wakati wa dhoruba. Chenyewe hakitoi mlio wowote.

Wanawake wa Kigogo wakipiga ngoma ya muheme kijiji cha pili, sisi wa Dodoma tunajua kinachotufikia: ule mdundo mzito, huku maneno ya wimbo yameshapotelea njiani. Baharini sauti nzito hufika mbali zaidi, tena kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Nyangumi buluu huita hata chini ya hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, mahali ambapo sikio la binadamu limeshakoma. Ukicheza rekodi yake hivihivi, huenda usisikie kitu. Iharakishe mara kumi, mngurumo utajitokeza.

Kwa hiyo watafiti hutazama pia. Kompyuta huchora sauti: muda unakwenda kulia, masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yanapanda juu. Mwito wa Eubalaena glacialis, nyangumi wa Atlantiki ya Kaskazini ambaye wamebaki chini ya 400, huonekana kama kistari kifupi kinachopinda kwenda juu, cha kama sekunde moja. Karibu na Boston, Marekani, kistari hicho kikinaswa na maboya ya kusikilizia, manahodha huarifiwa wapunguze mwendo, kwa kuwa kugongwa na meli ni miongoni mwa mambo yanayowamaliza.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Bahari ya Hindi, bahari yetu. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kundi la nyangumi buluu wadogo ambalo halikuwa likifahamika, karibu na visiwa vya Chagos. Hawa wanaoitwa wadogo hufika mita 24, lakini waliotambulisha kundi hilo hawakuanza kwa kuwaona. Walipekua rekodi za hidrofoni zilizowekwa kunasa majaribio ya mabomu ya nyuklia, wakakuta wimbo usiofanana na wa kundi lolote jingine, umo humo kwa miaka mingi.

Njia hii ina mipaka, na naona haisemwi vya kutosha. Wimbo haukuambii moja kwa moja walioko ni wangapi. Kwa nyangumi wa nundu, wanaofika pwani ya Tanzania kuzaa kati ya Julai na Novemba hivi, waimbaji ni madume. Mama mwenye ndama anaweza kupita karibu na chombo bila kusikika. Kelele za meli nazo hufunika miito. Basi rekodi tupu isichukuliwe kuwa ushahidi kwamba hawapo.

Hapa Tanzania ya kati, ambako tembo wa Ruaha na Swagaswaga ni jirani zetu, jambo hili si geni kama linavyodhaniwa. Katy Payne, aliyechunguza nyimbo za nyangumi wa nundu, alihisi mtetemo hewani karibu na tembo wa bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, mwaka 1984; vipimo vikaonyesha kuwa nao huitana kwa sauti tusizozisikia. Leo vinasa sauti vinatundikwa mitini katika misitu ya Afrika ya Kati kufuatilia tembo, na hunasa pia milio ya bunduki za majangili.