Kwa nini roboti ya mashindano hushikwa na kwikwi?

Kwenye mashindano ya FIRST Robotics, yaliyoanzia Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, kuna kituko kinachojirudia. Roboti mbili zinasukumana katikati ya uwanja, ghafla mojawapo inaanza kwikwi: inakwenda, inasita, inakwenda, inasita. Watazamaji hudhani mota imeungua, kumbe mara nyingi ni nzima kabisa. Tatizo ni njaa.

Roboti hiyo ina magurudumu na mota zake, mtambo wa kuzoa mipira sakafuni, mkono au lifti ya kuinulia, pengine mtambo wa kurushia, na kompyuta ndogo ambayo ndiyo ubongo. Wote hao wanakula sahani moja: betri ya volti 12 yenye uzito wa kilo 6 hivi.

Mlafi mkuu ni magurudumu. Mota ikizunguka bure hutumia umeme kidogo. Ikizuiwa isizunguke, ndipo inapobugia. Mota ya CIM, aina iliyozoeleka huko kwa miaka mingi, haifiki ampea 3 ikizunguka bure, lakini ikikwama huweza kuvuta 131. Na roboti huwa na 4 au zaidi! Swichi kuu ya ampea 120 haikati papo hapo, kwa kuwa hukatwa na joto, na joto huchukua muda kupanda.

Betri nayo ina ukinzani wake wa ndani, hivyo ikivutwa kwa nguvu volti huporomoka. Washa taa za gari usiku kisha piga stata: taa zinafifia. Ni jambo lile lile.

Volti zikishuka hadi 6 na ushei, ubongo huzinyima mota umeme ili wenyewe usizimike, maana ukizimika, roboti itasimama kama gogo mpaka uwake upya. Mota zikinyimwa, volti hupanda. Zikipanda, mota huruhusiwa. Dereva bado anasukuma, basi zinashuka tena. Hiyo ndiyo kwikwi.

Timu makini huandika kwenye programu kikomo cha ampea kwa kila mota, na huweka betri iliyojaa kila mechi. Mimi ningeanza na jambo dogo zaidi: kushika waya mnene pale unapofungwa kwenye betri na kuutikisa. Waya ukilegea, kaza nati kwanza, kompyuta baadaye.